Kufufua mashine ya boti iliyolala miaka mingi: usianze na kamba

Mashine iliyonifanya niandike haya ni Johnson ya farasi 18, tustroki (ile inayotumia petroli iliyochanganywa na oili), silinda mbili, ya miaka ya mwisho ya 1960. Ilikuwa imelala stoo kwa mzee mmoja pale Ujiji tangu 2004, imefunikwa gunia la mahindi, imeegeshwa juu ya matairi mabovu, na kuku alishajitengenezea kiota juu yake. Siku niliyokwenda kuitazama nilikuta vijana watatu wa nyumba ile wameitoa uani, wanavuta kamba ya kuwashia kwa zamu. Huyu akichoka, mwenzake anampokea. Nikawaomba waache. Mzee akaniuliza, "Sasa fundi, utajuaje kama ni nzima bila kuivuta?"

Swali ni la haki, na karibu kila mtu huliuliza. Lakini mashine nyingi za zamani nilizoona zikiuzwa kwa chuma chakavu hapa Kigoma hazikufia stoo. Ziliuawa siku ya kuamshwa. Ukuta wa silinda umekauka na una kutu nyembamba kama vumbi la pilipili. Ukivuta kamba, ringi za pistoni zinaukwangua. Impela, yaani kigurudumu cha mpira chenye mapezi ndani ya pampu ya maji ya kupoza, imegandia kwenye kikombe chake. Ukivuta kwa nguvu, mapezi yananyofoka. Takataka za panya zilizoingia kwenye kabureta, kile kinachochanganya petroli na hewa, zinafyonzwa hadi ndani. Kamba inakuja karibu na mwisho. Kabla yake kuna kazi ya siku tano sita, nyingi zikiwa za kusubiri.

Macho kwanza, spana baadaye

Uliza historia yake. Ilizimwa ikiwa inafanya kazi, au iliwekwa kwa sababu ilikuwa mbovu? Imewahi kuzama ziwani? Kama ilizama na haikufunguliwa siku ile ile, beringi za ndani zimeshaliwa na kutu, na hapo itabidi kufungua injini yote. Mwongozo huu hautakutosha.

Soma bati la namba, kwa sababu umri wa mashine ndio unaokuambia uchanganye oili kiasi gani. Johnson na Evinrude za kuanzia 1964, kwa sehemu kubwa, ni lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili. Za kabla ya hapo ni 24 kwa 1. Zile Seagull za Uingereza, za chuma kitupu zisizo na kofia, zile za zamani kabisa zilitaka 10 kwa 1, ndiyo maana zikipita zinaacha moshi kama tanuri la matofali. Na kama una Johnson ya miaka ya 1950 yenye mpira wa mafuta wa njia mbili, usitupe tanki lake hata likiwa bovu. Mashine hizo hazina pampu ya mafuta. Hewa inasukumwa kwenye tanki kwa njia moja na petroli inarudi kwa njia ya pili, kwa hiyo tanki la kawaida la Yamaha haliwezi kuilisha.

Kisha chunguza matundu. Kwetu huku nyigu wa udongo ni adui mkubwa kuliko kutu. Anapenda tundu dogo, kavu, lenye kivuli, na mashine ya boti ni hoteli yake: tundu la kutokea maji, la moshi, mdomo wa kabureta. Kwenye ile ya mzee nilichokonoa kwa waya tundu la nyuma ya mguu, ile sehemu ndefu inayoingia majini, nikatoa kipande cha udongo mkavu kirefu kama kidole cha shahada. Nilipokivunja, ndani kulikuwa na buibui sita wakavu, akiba ya chakula cha watoto wa nyigu. Fikiria mashine hiyo ingewaka ikiwa na kizibo kile. Maji ya kupoza yasingepata pa kutokea.

Panya naye alikuwa ametafuna waya wa plagi ya chini hadi nyuzi zikaonekana. Andika kila unachokiona kwenye daftari, piga picha kwa simu kabla ya kufungua kitu chochote, ndipo ushike spana.

Lainisha silinda

Toa plagi. Zikigoma, dondoshea oili nyepesi kwenye shingo yake, ondoka, urudi kesho. Kichwa cha silinda ni aluminiamu, na ukilazimisha utatoka na plagi pamoja na ngazi za skrubu za tundu lake.

Hapa wengi hukosea jambo dogo. Silinda za mashine ya boti zimelala, hazijasimama kama za gari. Ukimimina oili mashine ikiwa imesimama, inakaa upande mmoja wa chini tu na nyingine inamwagika nje. Kwa hiyo ilaze kifudifudi juu ya magunia, matundu ya plagi yatazame angani. Changanya oili ya tustroki na dizeli nusu kwa nusu, weka vijiko viwili vya chakula kila silinda, ziba kwa kitambaa safi, uiache siku mbili.

Baada ya hapo hakikisha gia iko katikati, shika flaiwili, ile gurudumu zito la juu, kwa mikono miwili, uizungushe taratibu kwa mwendo wa saa. Kwa mwendo wa saa tu. Ukirudisha nyuma mzunguko mzima, utakunja mapezi ya impela. Ikizunguka, mshukuru Mungu na uendelee. Isipozunguka, pistoni imeshikana na ukuta. Dawa yangu ni oili nyekundu ya gia boksi otomatiki iliyochanganywa na asetoni, nusu kwa nusu. Asetoni inashika moto haraka, kwa hiyo ifanyie kazi nje, mbali na jiko. Imwagie, subiri siku mbili, ongeza, kisha itikise flaiwili mbele na nyuma kidogo kidogo, upana wa kidole tu. Ya mzee iliachia siku ya nne kwa mlio kama wa mlango wa mbao wakati wa masika. Usigonge pistoni kwa nyundo kupitia tundu la plagi, hata kama fundi wa jirani anakuambia ndivyo anavyofanya.

Wakati tunasubiri siku zile nne nilimkumbusha mzee habari ya Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ambayo kila mtoto wa Kigoma ameisikia japo nusu. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili Waingereza wasiipate, ikiitwa bado Graf von Goetzen. Lakini kabla ya kuizamisha walizipaka injini zake grisi nene. Ilipoibuliwa mwaka 1924 injini zilikutwa katika hali ya kushangaza, na 1927 meli ikarudi kazini. Mzee akacheka: "Basi mimi nilipaswa kuipaka grisi, nikaipa kuku."

Pima nguvu za mapafu

Mashine ikizunguka vizuri, mimina tena oili kidogo, kisha azima geji ya kupimia kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Mafundi wengi wa pikipiki wanayo. Isimamishe mashine uifunge kwenye ubao imara, funga geji kwenye silinda moja, plagi ya silinda ya pili iwe nje, na sasa ndiyo unaruhusiwa kuvuta kamba, mara nne tano, kwa sababu silinda imeshalowana. Waya za plagi ziguse chuma cha injini ili koili, zinazotoa umeme wa cheche, zisiumie. Kwa mashine ndogo za zamani, psi 80 (kipimo cha shinikizo) na kuendelea inatia moyo. Namba moja moja si muhimu sana, linganisha silinda na silinda. Tofauti ikizidi sehemu moja ya kumi, ringi zimeshikana au gasketi ya kichwa imevuja. Ya mzee ilitoa 85 na 70. Nilirudia kuilowesha siku mbili zaidi, ikawa 88 na 83. Ringi zilikuwa zimegandia kwenye mifereji yake, kumbe zilihitaji muda tu.

Umeme

Kwenye mashine za namna hii umeme unazalishwa chini ya flaiwili. Kuna sumaku, koili mbili, kondensa mbili na pointi mbili, yaani vile vyuma vidogo vinavyogusana na kuachana kila mzunguko. Pointi zikikaa miaka bila kazi zinafanya utando mweupe unaozuia umeme, na katika mashine ambazo nimezifufua hilo ndilo limekuwa tatizo mara nyingi kuliko mengine yote. Watu wananunua koili mpya kwa bei ya mbuzi wakati dawa ilikuwa karatasi ya daftari.

Legeza nati ya flaiwili hadi ilingane na ncha ya shafti, usiitoe kabisa. Tumia pula, kifaa cha kung'olea, inayofungwa kwa bolti kwenye matundu matatu yaliyo juu ya flaiwili. Pula ya kukumbatia ukingo itaipinda au kuipasua. Ikiachia, inua polepole na utafute kipande kidogo cha chuma kinachokaa kati ya shafti na flaiwili. Hicho ndicho kinachopanga wakati wa cheche. Kikipotea kwenye mchanga, kazi imesimama.

Sasa pointi. Pitisha msasa laini kabisa mara mbili tatu, kisha kata ukanda wa karatasi nyeupe, ulowanishe kwa petroli, upitishe katikati pointi zikiwa zimefungwa, uvute. Utatoka mweusi. Rudia hadi utoke mweupe kama ulivyoingia. Nilitumia kanda tisa kwenye ile Johnson. Halafu zungusha shafti mpaka pointi ziwe zimeachana kabisa, upime nafasi kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia: milimita 0.5 kwa Johnson na Evinrude za aina hii. Fila iingie kwa msuguano mwepesi, kama unavyopitisha noti kati ya kurasa za kitabu kilichofungwa.

Tazama koili. Kama ganda lake limepasuka nyufa kama matope ya kiangazi, ibadilishe, kwa sababu itatoa cheche ikiwa baridi na kuzimika ikipata moto, tena itazimika katikati ya maji. Waya ulioliwa na panya, badilisha wote. Usiunge kwa selotepu.

Rudisha flaiwili, kaza nati sawasawa, weka plagi mpya kwenye waya, igusishe chuma mbali na matundu ya silinda na mbali na petroli, uvute. Cheche iwe ya buluu na iweze kuruka milimita 6. Ya njano na dhaifu haitoshi.

Kuhusu plagi: nunua mbili za ziada, zipime zote kabla ya kuondoka dukani ikiwezekana. Nimewahi kupewa plagi mpya ndani ya boksi lake zuri, na maandishi yakafutika kwa kucha. Nilitafuta ubovu wa umeme siku nzima, ubovu ukiwa mkononi mwangu.

Petroli na kabureta

Petroli ya zamani usijaribu hata kuichanganya na mpya. Inusie, ikinuka kama vanishi, imwage kwenye chombo na uitumie kusafishia vyuma tu. Tanki lenye kutu utaliosha kwa kuweka nati kuukuu na kokoto na siki, ukalitikisa kama anayepepeta, ukaacha usiku kucha, ukasuuza na kulikausha juani. Mpira wa mafuta na kile kibofu cha kupampia, kama vimekauka na kupasuka, nunua vipya. Hapa nisirefushe maneno.

Kabureta ndiyo inahitaji utulivu. Ifungulie ndani ya sinia au beseni ili kisianguke kitu. Chini ya bakuli lake utakuta gundi ya kahawia kama asali iliyokauka. Loweka vyuma kwenye petroli safi au dawa ya kusafishia kabureta, mpira na gasketi viwe pembeni. Tundu la jeti, kile kitundu chembamba cha kupitisha petroli, lizibue kwa unyuzi mmoja wa waya wa shaba uliotoa kwenye waya wa umeme. Usitumie sindano ya kushonea, kwa sababu chuma kigumu kinapanua tundu, na mashine itakuwa inakunywa mafuta daima. Pulizia kila njia hewa ya kompresa.

Floti, yaani boya dogo linalofunga petroli bakuli likijaa, za mashine hizi za zamani ni za koki, ile ile ya vizibo vya chupa, na zilipakwa rangi ya kuzuia petroli isiingie. Rangi hiyo ikiondoka, koki inakunywa petroli, floti inazama, na kabureta inamwaga mafuta kila wakati. Ikaushe siku mbili juani, kisha ipake supaglu pande zote, ikikauka, paka tena. Ni ujanja wa kizamani na unafanya kazi. Kama kabureta ina sindano ya skrubu ya kurekebisha mwendo mdogo, ifunge taratibu mpaka iguse, usiikaze, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Utaikamilisha mashine ikiwa inaunguruma.

Na kama ina pampu ya mafuta pembeni, fungua utazame kiwambo chake. Kikiwa kigumu kama ngozi ya ngoma, badilisha.

Pampu ya maji: hapa usibane shilingi

Impela badilisha hata kama inaonekana nzima. Mpira uliokaa miaka ishirini umejifunza umbo moja. Mapezi yamepinda na hayasukumi tena. Ya mzee nilipoibana kwa vidole ilikatika kama kandambili ya zamani.

Kufikia impela lazima ushushe sehemu ya chini ya mguu. Kabla ya kuivuta, tafuta kiungo cha fimbo ya gia ukifungue, vinginevyo utaipinda. Bolti zilizoshikana zitie oili, zipashe moto kidogo, zigonge kichwani, ujaribu kukaza robo kabla ya kulegeza. Bolti ikikatikia ndani ya aluminiamu ni mkasa wa siku mbili.

Vipuri vya Yamaha utavipata mjini bila taabu kwa sababu nusu ya ziwa inaendeshwa na Yamaha. Vya Johnson ya mwaka 1968 ni vya kuagiza. Piga picha ya ile ya zamani pamoja na rula, hesabu mapezi, tuma na namba ya modeli. Nimeona impela zilizochongwa kwa tairi la gari pale mwaloni. Zinafikisha mtu upande wa pili, ila haziaminiki kumrudisha.

Unapoingiza mpya, ipake sabuni ya maji, isukume huku ukizungusha shafti kwa mwendo wa saa ukitazama kutoka juu, ili mapezi yote yalale upande sahihi. Usisahau kile kipande kidogo cha chuma kinachoishikilia kwenye shafti. Bila hicho shafti inazunguka, impela imetulia.

Ukiwa huko chini, toa oili ya gia. Ikitoka nyeusi, sawa. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Toa propela utazame nyuma yake. Mara nyingi utakuta uzi wa nyavu umejiviringisha na kukata sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie. Nilitoa uzi wa naironi kama mita mbili hivi. Badilisha sili, jaza oili ya gia ya SAE 90 kwa tundu la chini hadi itokee tundu la juu. Ukijaza kwa juu, hewa inabaki ndani.

Sasa kamba

Funga mashine kwenye ubao, mguu ndani ya pipa la maji, maji yapite juu ya usawa wa pampu. Toa propela, acha gia katikati. Kwa safari ya kwanza mimi huongeza oili: 25 kwa 1, hata kama mashine ni ya 50. Hiyo ni mililita 40 kwa kila lita ya petroli. Petroli nunua kwenye kituo. Ya chupa za barabarani huwezi kujua imelala na mafuta ya taa usiku gani.

Pampu mafuta hadi kibofu kiwe kigumu. Vuta choki, kile kifuniko kinachopunguza hewa ya kabureta. Vuta kamba polepole mpaka usikie uzito, hapo ndipo uvute kwa nguvu moja. Ile Johnson ilikohoa mvuto wa tatu, ikawaka wa saba, ikatoa moshi mweupe uliofukuza kuku wote uani. Oili uliyomimina ndani lazima iungue, usiogope. Rudisha choki pole pole.

Macho yako sasa yawe kwenye maji. Ndani ya dakika moja uone maji au mvuke wenye maji ukitoka tundu la nyuma ya mguu. Shika kichwa cha silinda. Kiwe cha kuvumilika mkononi. Kama maji hayatoki, au tone la maji linachemka likigusa kichwa, zima mara moja. Dakika kumi kwa mwendo mdogo zinatosha. Usiipigishe kelele ndani ya pipa kuwafurahisha majirani.

Majini

Rudisha propela. Nenda asubuhi kabla upepo haujaamka, usitoke mbali na ufukwe, uwe na makasia, maboya ya kuvaa, na mtumbwi wa pili wa kukuvuta. Ziwa Tanganyika halina huruma na mashine ya majaribio. Saa ya kwanza usifungue mafuta yote, badilisha badilisha mwendo. Ukirudi toa plagi: zikiwa na rangi ya chai ya rangi, safi. Nyeusi na mbichi, mafuta yamezidi. Nyeupe kama majivu, mafuta ni pungufu na pistoni iko hatarini. Fungua sindano ya kabureta kidogo. Injini ikishapoa, kagua bolti za kichwa.

Kuilaza tena

Uvuvi ulipofungwa ziwani miezi mitatu mwaka 2024, Mei 15 hadi Agosti 15, mashine nyingi ziliwekwa tu zikiwa na petroli ndani, na Agosti mafundi tukashindwa kulala. Kabla ya kuiweka, chomoa mpira wa mafuta uiache iungue hadi ijizime, toa plagi, tia kijiko cha oili kila silinda, izungushe mara mbili, rudisha plagi. Badilisha oili ya gia. Isimamishe wima ili maji yote yatoke mguuni. Kisha ziba matundu yote kwa vitambaa kwa ajili ya nyigu, na ufunge kitambaa chekundu kwenye mpini wa kamba, ili atakayekuja kuvuta akumbuke kuvitoa kwanza. Kwa mzee yule tulitumia kipande cha kanga ya mkewe, kwa ruhusa yake.